Simu ya Busurungi: uchambuzi wa kisa cha kuuawa kwa Sylvestre Mudacumura

Asubuhi ya tarehe 18 Septemba 2019, redio za hapa Goma zilitangaza kwamba Sylvestre Mudacumura, kamanda mkuu wa kijeshi wa FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda lililojikita mashariki mwa Kongo, alikuwa ameuawa usiku uliotangulia na wanajeshi wa FARDC, yaani jeshi la Kongo, katika usultani wa Bwito, wilaya ya Rutshuru. Msemaji wa jeshi, Jenerali Léon-Richard Kasonga, ndiye aliyeithibitisha habari hiyo. Neno lililotumika katika tangazo lilikuwa lile la wanajeshi kwa Kifaransa, neutraliser, ambalo maana yake ni kumwondolea adui uwezo wa kudhuru. Ni neno pana, linaloweza kumbeba aliyekamatwa na kumbeba pia aliyeuawa, na kwa miaka mingi limetuzoeza kutouliza ni lipi kati ya hayo mawili lililokusudiwa tangu mwanzo.

Furaha iliyofuata ilitoka moyoni. Watu wa Bwito, wa Walikale, wa Masisi na wa kusini mwa Lubero walikuwa wamekimbia vijiji vyao mara nyingi kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa 2005 angeweza kuhesabu umri wake kwa idadi ya safari za kukimbia. Wapo waliosema kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na sikumwona mtu mwenye haki ya kuwakemea. Serikali ya Rwanda, ambayo kwa muda mrefu imeliita kundi hilo la kigaidi, nayo iliipokea habari kwa kuridhika waziwazi. Mimi mwenyewe nilihisi nafuu, na nafuu hiyo siitubu. Ninachotaka kukichambua hapa ni jambo lililokuja baada ya nafuu, nalo ni swali la iwapo kumuua mtu kama huyu ni sawa na kumaliza kesi yake.

Mudacumura alizaliwa 1954. Alikuwa ofisa wa jeshi la zamani la Rwanda, katika kikosi cha kumlinda Rais Juvénal Habyarimana, na baada ya 1994 alivuka mpaka kuja huku kwetu. Mwishoni mwa 2003, kamanda aliyekuwa mbele yake, Paul Rwarakabije, alirudi Rwanda kwa hiari na baadaye akapewa kazi serikalini hadi kufikia kuongoza idara ya magereza. Mudacumura akabaki msituni na kuchukua nafasi yake. Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo Novemba 2005. Tarehe 13 Julai 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo hapa kwetu tunaiita CPI, ilitoa hati ya kumkamata kwa mashtaka tisa ya jinai za kivita: kushambulia raia, kuua, kukata watu viungo, kuwatendea kikatili, kubaka, kutesa, kuharibu mali, kupora na kuvunja utu wa watu. Mashtaka hayo yalihusu Kivu mbili kati ya Januari 2009 na Septemba 2010. Aprili 2013 Marekani iliahidi hadi dola milioni 5 kwa mtu atakayeleta habari zitakazowezesha kukamatwa kwake, kupelekwa kwake mahakamani au kuhukumiwa kwake. Hayo ndiyo mambo matatu yaliyotajwa, na kifo hakikuwamo.

Kwa hiyo, usiku ule wa Bwito, mtu aliyepigwa risasi alikuwa na sura mbili za kisheria kwa wakati mmoja. Alikuwa kamanda wa adui vitani, na alikuwa mtuhumiwa ambaye Kongo ilikuwa na wajibu wa kumkamata na kumkabidhi, kwa kuwa Kongo iliridhia Mkataba wa Roma tarehe 11 Aprili 2002 na yenyewe ndiyo iliyoiomba CPI, mwaka 2004, ije ichunguze jinai zilizotendeka katika ardhi yake.

Swali lililoulizwa Ndosho

Miezi kadhaa baada ya kifo hicho niliongoza mjadala wa vijana wanaosoma sheria, katika ukumbi wa parokia upande wa Ndosho, hapa Goma. Vijana waligawanyika kama nilivyotarajia. Wengine walisema gaidi hastahili wakili, wengine wakasema kila binadamu anastahili, na kwa saa nzima maneno hayo mawili yalizungukana bila kugusana. Nyuma ya ukumbi alikuwa ameketi mama mmoja aliyekuja kumsubiri mwanawe. Asili yake ni upande wa Busurungi, katika wilaya ya Walikale, na alikuwa amehamia Goma baada ya FDLR kuua watu huko Mei 2009. Aliomba neno, akasema: "Mwalimu, huyu mtu amekufa, ni vizuri. Lakini ni nani aliwatuma kwetu?"

Nilianza kumweleza habari ya hati ya kukamatwa. Alinisikiliza kwa heshima hadi nilipomaliza, kisha akauliza tena lile lile, safari hii polepole, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi asiyeelewa. Alitaka kujua kama Mudacumura ndiye aliyesema kijiji kichomwe, na kama ndiye, nani alimsikia akisema, na kama hakusema yeye, aliyesema yuko wapi leo. Sikuwa na jibu la kumpa Mama yule. Tangu siku hiyo nimeona kwamba mjadala wetu kuhusu kuua au kuhukumu huanzia mahali pasipofaa. Tunauliza muuaji anastahili nini, na hilo ni swali halali, lakini hatuulizi waliofiwa wanadai nini. Mama yule hakudai huruma kwa Mudacumura. Alidai kuambiwa kilichotokea.

Sheria inasema nini

Nianze na jambo ambalo watetezi wengi wa haki za binadamu hawapendi kulisikia. Kwa sheria ya vita, kamanda wa kundi lenye silaha linalopigana na serikali anaweza kushambuliwa, hata akiwa amelala, hata kama siku hiyo hakushika bunduki. Itifaki ya Pili ya 1977, inayohusu vita vya ndani ya nchi, inawakinga raia isipokuwa wakati wanaposhiriki moja kwa moja katika mapigano, na mtu ambaye kazi yake ya kudumu ni kuongoza mapigano hawezi kujifunika kwa kinga hiyo. Hati ya CPI haimwekei kinga nyingine. Askari aliyemwona Mudacumura akiwa na walinzi wake wenye silaha hakuwa na wajibu wa kumsomea hati kwanza. Ikiwa kulikuwa na mapigano, na ikiwa alikufa katika mapigano hayo, sioni jinai katika mkono wa askari.

Mipaka ipo, hata hivyo, na ni migumu. Aliyejisalimisha hauawi. Aliyejeruhiwa akashindwa kupigana hauawi. Aliyekwisha kukamatwa hauawi, hata kama anaitwa gaidi na dunia nzima. Kutoa amri kwamba hakuna atakayeachwa hai ni jinai ya kivita kwa mujibu wa Mkataba huo huo wa Roma, hata katika vita vya ndani. Zaidi ya hapo, mwaka 2009 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa mwongozo unaosema kwamba nguvu inayotumika hata dhidi ya mtu anayeruhusiwa kushambuliwa isizidi ile inayohitajika kweli kwa lengo la kijeshi katika hali iliyopo. Kwa maneno mengine, pale ambapo kumkamata adui kunawezekana bila kuwatia askari katika hatari kubwa, kumuua kunakosa sababu. Wanasheria wengi wa majeshi wameupinga mwongozo huo wakisema unamdai askari wa mstari wa mbele mambo ambayo mtu aliyeketi ofisini ndiye awezaye kuyapima. Pingamizi lao lina uzito, nami nakubali kwamba askari asitwishwe peke yake mzigo huo. Lakini operesheni ya kumwinda mtu mmoja haianzi kwa askari. Huanzia kwenye meza, kwenye ramani, kwa watu wenye muda wa kufikiri, na hapo ndipo mzigo unapopaswa kukaa.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwahi kulitazama jambo hili kwa namna ambayo naona inatufaa. Tarehe 6 Machi 1988, wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi na kuwaua watu watatu wa IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, huko Gibraltar, wakiamini kwamba walikuwa karibu kulipua bomu. Watatu hao hawakuwa na silaha wala kilipuzi mwilini. Mwaka 1995 mahakama, kwa kura kumi dhidi ya tisa, haikuwalaumu wanajeshi waliofyatua, kwa sababu waliamini kwa dhati walichoambiwa. Iliilaumu serikali kwa jinsi ilivyoipanga na kuiongoza operesheni hiyo, na kwa kuwaacha washukiwa waingie Gibraltar badala ya kuwazuia mpakani. Najua kwamba Gibraltar ilikuwa mji wenye amani na Bwito ilikuwa vitani, na sheria ya huku si ile ya kule. Ninachokichukua ni njia ya kuuliza. Kidole kilichofyatua hakikuwa mwanzo wa swali wala mwisho wake. Mahakama ilirudi nyuma hadi kwenye mpango.

Vijana wa Ndosho walipenda zaidi kulinganisha na Abbottabad, Pakistan, ambako Marekani ilimuua Osama bin Laden tarehe 2 Mei 2011. Mfano huo haunisaidii sana. Marekani si mwanachama wa CPI, askari wake walikuwa kwenye ardhi ya nchi nyingine, na hakuna hati ya CPI waliyokuwa na wajibu wa kuitekeleza. Jeshi la Kongo lilikuwa kwake, likimtafuta mtu ambaye serikali yake ilikuwa imekubali kwa maandishi kumkabidhi. Anayetafuta mfano wa kufuata aanze na wajibu wake mwenyewe kabla ya kutazama wa jirani.

Hoja nzito za upande wa pili

Ningekuwa simtendei haki msomaji kama ningeyapita haraka yale yanayosemwa dhidi ya kesi, kwa sababu yanasemwa na watu walioziona kesi zikishindwa.

Callixte Mbarushimana, katibu mtendaji wa FDLR, alikamatwa Paris Oktoba 2010 na kupelekwa The Hague, makao ya CPI. Desemba 2011 majaji wengi wa chumba cha awali walikubali kwamba kulikuwa na sababu za kuamini kuwa FDLR ilitenda jinai za kivita katika vijiji kadhaa, lakini wakaona haikuthibitika kwamba yeye alichangia, wakamwachilia. Huku kwetu habari hiyo ilisikika kama kusema kwamba kijiji kilichomwa bila mchomaji. Katika Katanga, Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wanamgambo, alihukumiwa kifo mwaka 2009, na Septemba 2011 akatoroka gereza la Kasapa mjini Lubumbashi pamoja na mamia ya wafungwa wengine. Watu wa Mitwaba na Pweto wanajua gharama ya mlango ule uliofunguka. Oktoba 2020 wafungwa zaidi ya 1,300 walitoka gereza la Kangbayi huko Beni kwa usiku mmoja. Mtu anayesema kwamba Mudacumura akiwa kaburini hatoroki anasema jambo ambalo historia ya magereza yetu imempa haki ya kulisema.

Kuna pia hoja ya askari. Wangapi wangekufa wakijaribu kumchukua mtu huyo akiwa hai, katikati ya walinzi waliozoea msitu kuliko wao? Maisha ya kijana wa FARDC aliyetoka Kasai au Équateur, anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa, si sarafu ya kununulia ushahidi. Hoja hii naiona nzito kuliko ile ya magereza, na kama jeshi lingesema kwamba kukamata kulipimwa na kuonekana kungegharimu roho nyingi, ningeinamisha kichwa.

Lakini kesi nyingine zilisimama. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyekuwa na wapiganaji wake huko Walikale, alijisalimisha kwa MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, Julai 2017. Kesi yake ilianza hapa Goma Novemba 2018 mbele ya mahakama ya kijeshi, na tarehe 23 Novemba 2020 akahukumiwa kifungo cha maisha, pamoja na mengine kwa ubakaji wa halaiki wa Luvungi na vijiji jirani kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, ambako Umoja wa Mataifa ulihesabu waathiriwa 387. Bosco Ntaganda, kamanda wa zamani wa waasi, aliishi mjini humu kwa miaka akijulikana na kila dereva wa teksi, ilhali hati yake ya CPI ilikuwa imewekwa wazi tangu 2008. Machi 2013 alijipeleka mwenyewe kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali. Tarehe 7 Novemba 2019, wiki saba tu baada ya risasi za Bwito, alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Waathiriwa zaidi ya 2,000 walishiriki katika kesi hiyo kupitia mawakili wao. Huyo naye alikuwa mkali, mwenye walinzi na mwenye kuogopwa. Waliosema hakamatiki walisema hivyo hivyo.

Simu

Sasa nafika mahali ambapo kisa hiki kinaniumiza zaidi, na naomba msomaji anivumilie nikae hapa.

FDLR iliongozwa kutoka sehemu mbili. Rais wake, Ignace Murwanashyaka, aliishi Ujerumani, katika mji wa Mannheim. Kamanda wake wa kijeshi alikuwa msituni Kivu. Kati yao palikuwa na simu. Orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa yenyewe, katika maelezo yake juu ya Mudacumura, inataja mawasiliano ya simu kati yake na Murwanashyaka, yakiwemo ya wakati wa mauaji ya Busurungi, Mei 2009, ambapo raia wasiopungua 96 waliuawa. Murwanashyaka na makamu wake, Straton Musoni, walikamatwa Novemba 2009. Kesi yao ilifunguliwa Stuttgart Mei 2011, ikachukua siku zaidi ya 300 za vikao, na mawasiliano yaliyonaswa yakawa sehemu kubwa ya ushahidi. Septemba 2015 Murwanashyaka alipewa miaka 13 kwa kuongoza kundi la kigaidi la kigeni na kusaidia jinai za kivita. Musoni alipewa miaka minane.

Ndipo Desemba 2018 mahakama ya juu ya Ujerumani ikaitengua hukumu ya Murwanashyaka kwa sehemu na kurudisha kesi isikilizwe upya. Jambo lililokuwa gumu ni uzi wa kuunganisha maneno ya mtu aliyekaa Mannheim na moto uliowashwa Walikale. Kabla ya kusikilizwa upya, Aprili 2019, Murwanashyaka akafariki nchini Ujerumani. Miezi mitano baadaye akafa Mudacumura.

Tazama hali ilivyokuwa kati ya Aprili na Septemba. Upande mmoja wa simu ulikuwa umenyamaza kwa ugonjwa. Upande wa pili ulikuwa bado unapumua huko Bwito, naye ndiye aliyekuwa akipokea maneno na kuyageuza, au kutoyageuza, kuwa amri kwa makamanda wa vikosi. Hati ya CPI dhidi yake haikusema kwamba alichoma nyumba kwa mkono wake. Ilimshtaki kwa kuamuru. Swali la Mama wa Ndosho na swali la majaji lilikuwa moja, lile lile, na katika dunia nzima mtu aliyekuwa karibu zaidi na jibu lake alikuwa huyo ambaye jeshi letu lilikuwa likimtafuta.

Siamini kwamba Mudacumura angefika The Hague na kuungama kwa machozi. Watu wa aina yake hukana, huugua ghafla, hubadilisha mawakili. Lakini kesi haitegemei ungamo. Mtuhumiwa akiwa kizimbani, makamanda wadogo huanza kupima maslahi yao, na mmoja akisema, wa pili huogopa kusemewa. Mkataba wa Roma unataka mshtakiwa awepo mahakamani wakati kesi ikisikilizwa, na akifa kesi inakwisha pale ilipofika. Kwa hiyo risasi ya Bwito haikumgusa Mudacumura peke yake. Ilifunga pia jalada lililokuwa na majina ya Busurungi.

Wale waliokufa kabla ya Busurungi

Kuna sababu nyingine ya kutaka mambo haya yasemwe mbele ya jaji, na si rahisi kuiandika katika mji huu. Mauaji ya Busurungi yalitokea tarehe 10 Mei 2009. Wiki mbili kabla yake, tarehe 27 Aprili, palikuwa na mauaji mengine huko Shalio, karibu na hapo, katika operesheni ya jeshi dhidi ya FDLR iliyoitwa Kimia II. Philip Alston, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, alieleza mwaka huo huo kwamba wanajeshi wa FARDC waliwaua huko wakimbizi wa Kihutu kutoka Rwanda wasiopungua 50 na kuwateka wanawake wapatao 40. FDLR ilikuja Busurungi kulipiza kisasi, na waliolipa ni wanakijiji ambao hawakumuua mtu.

Wakili yeyote wa Mudacumura angesimama na kuitaja Shalio. Angeitaja kwa hila, ili kumpunguzia mteja wake lawama, na jaji angemjibu kwamba jinai haihalalishi jinai. Hata hivyo ingekuwa imetajwa, ikaandikwa, na mtu angelazimika kuuliza nani aliwatuma askari wale. Simtuhumu yeyote kwamba Mudacumura aliuawa ili Shalio isitajwe; sina msingi wa kusema hivyo. Nasema tu kwamba adui anapohukumiwa wazi, serikali nayo huulizwa yake, na kwamba anapouawa usiku, haulizwi mtu. Serikali yoyote inayochagua kati ya njia hizo mbili inapaswa kujua kwamba inajiamulia na jambo lake yenyewe.

Uamuzi wangu juu ya kisa

Naona kuuawa kwa Mudacumura kunaweza kabisa kuwa kulikuwa halali, ikiwa alikufa akipigana. Siwezi kuishia hapo. Tangazo la tarehe 18 Septemba lilihesabu kifo; halikueleza amri. Serikali iliyoahidi kumkabidhi mtu mahakamani, kisha ikamuua, inadaiwa maelezo ya mambo mawili: kama waliopanga operesheni waliambiwa kwamba lengo la kwanza ni kumkamata, na kama kukamata kulishindikana, kulishindikana kwa sababu gani. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika maoni yake ya jumla ya 2015 kuhusu haki ya kuishi, inaiweka dhahiri kazi hiyo ya kuchunguza na kutoa maelezo juu ya vifo vilivyosababishwa na mawakala wa serikali. Deni hilo halilipwi kwa kusema kwamba marehemu alikuwa mtu mbaya. Ubaya wake ndio uliokuwa mada ya kesi.

Kwa upande wa usalama, ambao ndio sababu kubwa inayotolewa, matokeo tumeyaona. FDLR haikuzikwa pamoja naye. Pacifique Ntawunguka, anayejulikana kama Omega, alishika uongozi wa kijeshi, na miaka sita baadaye, katika makubaliano yaliyotiwa saini Washington Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda, kulimaliza kundi hilo lilikuwa bado ni sharti lililoandikwa. Kumuua kamanda kulitupa wiki za furaha. Sisemi kwamba kesi yake ingelivunja kundi, huenda isingelivunja. Ila katika mizani ya faida, upande wa kuua haukuwa mzito kama tulivyoambiwa, na upande wa kesi ulikuwa na kitu ambacho hakipatikani kwa njia nyingine.

Bado kuna kazi inayoweza kufanyika. Amri haipiti hewani tu. Hupita kwa watu. Waliokuwa chini ya Mudacumura mwaka 2009, waliobeba redio za mawasiliano na waliopokea maneno yake na kuyapeleka kwa vikosi vya Walikale, baadhi yao wako hai. Wengi walirudishwa Rwanda na kupitia kambi ya wapiganaji wa zamani ya Mutobo, kando ya barabara ya kutoka Gisenyi kwenda Musanze, mwendo mfupi kutoka mpaka wetu. Rekodi za Stuttgart zipo. Ofisa wa mashtaka wa kijeshi mwenye ruhusa, mkalimani wa Kinyarwanda na muda wa kutosha angeweza kukaa na wapiganaji hao wa zamani mmoja mmoja, akawauliza swali lile lililoulizwa Ndosho, na kuandika majibu yao pamoja na majina ya wale ambao bado wanaweza kufikishwa mahakamani.